Bw. Vincent Mbaka: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuziba Mashimo kwa Waheshimiwa

Tarehe 30 Juni 1998, Bw. Vincent Mbaka, mpiga picha wa Baraza la Mji wa Kiakithaka, atarudisha kamera, atarudisha ufunguo wa chumba cha giza, na kwenda nyumbani baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kamera ni mali ya Baraza. Ufunguo nao ni mali ya Baraza, ingawa mlango wenyewe haujafungika tangu mwaka 1984. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba niandike habari zake kwa sababu meza yangu imepakana na yake miaka mingi, na kila picha aliyoitoa ni mimi niliyeipigia chapa maelezo ya chini. Wengine wanamjua Mbaka kwa sura. Mimi namjua kwa picha zake, na kwa harufu ya dawa ya kuosha picha, ambayo haijawahi kutuacha tunywe chai kwa amani.

Bw. Mbaka alizaliwa Kibugu, kwenye baridi na majani chai. Alijifunza kazi katika studio moja ndogo mjini Embu, ambako jukumu lake la kwanza lilikuwa kuwavalisha wateja koti la studio. Koti lilikuwa moja. Ndiyo maana wanaume wengi wa rika lake hapa kwetu wana picha ya ujana wakiwa na koti lilelile la kahawia lililokatika kifungo, na kila mmoja huwaapia wajukuu kwamba lilikuwa lake. Mwaka 1967 Baraza lilitangaza nafasi ya mpiga picha, naye akaipata, kwa kuwa ndiye pekee aliyefika kwenye mahojiano na kamera.

Kiakithaka, kwa faida ya watakaosoma haya mbali, ni mji mkongwe. Tuna mtaa wa maduka ya mawe yenye baraza za nguzo, tuna Majengo ambako askari wastaafu wa zamani walijenga nyumba zao kabla babu zetu hawajasikia neno ploti, na tuna mashimo. Mashimo mengine yana historia ndefu kuliko maduka.

Kazi ya Mbaka kwenye mkataba ilikuwa kupiga picha za shughuli za Baraza: ziara, mikutano, ufunguzi wa choo cha soko, na ufunguzi wa choo kilekile baada ya kupakwa rangi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba picha hizo zisionyeshe mashimo, takataka wala bomba lililopasuka. Jambo hilo lilieleweka lenyewe, na ofisini mambo yanayoeleweka yenyewe ndiyo yanayotiiwa zaidi. Wiki yake ya kwanza alimpiga picha mwenyekiti wa wakati ule mbele ya soko, na nyuma ya mwenyekiti likaonekana jaa la takataka lenye mbuzi juu yake. Aliitwa ofisini. Safari iliyofuata alimsogeza mwenyekiti kidogo upande wa kushoto, jaa likatoweka, mbuzi pia akatoweka, na kijana akathibitishwa kazini.

Tangu siku hiyo Mbaka akawa fundi wa kuziba. Wenzetu katika miji mingine huziba mashimo kwa changarawe. Yeye aliziba kwa madiwani. Alikuwa akifika mahali, anatazama shimo, halafu anawatazama viongozi waliopo, na kuchagua anayefaa. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mbae, ambaye Mungu hakumnyima mwili, aliwekwa mbele ya mashimo makubwa ya barabara ya soko. Karani wa Mji, Bw. Murungi, mzaliwa wa Kianjai na mwembamba wa kuzaliwa, alifaa kwa nyufa za ukuta. Diwani Veronicah Kagure alivaa kofia pana za sherehe, na kwa muda mrefu hapakuwa na mfereji wa paa uliovuja ambao kofia hizo hazikuusitiri. Kuna mwaka daktari alimwamuru Mheshimiwa Mbae apunguze nyama, akapungua kweli, na kwa picha za mwaka huo ilikuwa lazima asimame na naibu wake.

Nami chini ya picha nilipiga chapa: “Mwenyekiti akikagua maendeleo.” Ukweli ni kwamba aliyapa mgongo, lakini hakuna aliyeniuliza.

Kazi hiyo ilileta matunda. Mwaka 1991 Kiakithaka ilitunukiwa cheti cha mji safi kwa kutazamwa picha tu, bila mtu kuteremka gari. Cheti hicho kimetundikwa ukumbini, juu ya ufa.

Lakini Mbaka alikuwa na upande mwingine ambao wengi ofisini hawaujui, nao ndio niupendao. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alikuwa akitia filamu yake mwenyewe kwenye kamera na kuzurura sehemu za mji zisizo na kelele. Alipenda baraza za maduka yakiwa yamefungwa, cherehani za mafundi zikiwa zimefunikwa vitambaa, ngazi za posta ya zamani ambako mzee mmoja hulala na kofia usoni. Huko hakutaka mheshimiwa. Alitaka mji ulivyo, haujaambiwa kaa sawa.

Mji ulikataa. Ulikuwa umemtazama akifanya kazi miaka yote hiyo, ukajifunza. Akiinua kamera kuelekea duka la fundi viatu, fundi alimwita mkewe aje asimame mbele ya mlango uliooza. “Ngoja kidogo, photographer, ngoja tuzibe hapa.” Akielekeza kamera kwenye ukuta uliobambuka, watu wasiomjua mwenye ukuta walivuka barabara kwenda kuusitiri. Hata Siakago, alipokwenda kumtembelea rafiki, kinyozi alimwinua mteja aliyenyolewa nusu na kumsimamisha mbele ya kioo kilichopasuka. Tusiwacheke. Kwetu mgeni akibisha hodi, kitambaa safi hutandikwa juu ya kiti kilichochanika kabla mlango haujafunguliwa. Mbaka alikuta adabu hiyo nyumbani kwa watu, akaileta barabarani.

Sasa nije kwenye jambo la mtaro, kwa kuwa hakuna wasifu wa Mbaka usio na mtaro.

Mtaro wa Majengo ulichimbwa zamani kupitisha maji ya mvua yatokayo juu. Kila masika uliongezeka upana na kina, ukila udongo chini ya nyumba zilizopakana nao. Mwaka 1995 Baraza liliomba fedha kwa ofisi moja ya wafadhili Nairobi ili ujengwe kwa mawe. Ombi lilitakiwa kuambatana na picha za hali ya mji, nasi tukapeleka albamu nzima, tukachagua zile nzuri. Jibu lilikuja kwa adabu kubwa. Walitupongeza kwa usafi na barabara zisizo na dosari, wakasema wangetamani miji yote iwe kama wetu, na fedha wakazipeleka mji mwingine, ambao mpiga picha wao, kwa bahati yao njema, hakuwa na kipaji.

Haikuwa mzaha kwa watu wa Majengo. Mhandisi wa Baraza alipita na kopo la rangi akatia alama nyekundu ya X kwenye milango ya nyumba nne zilizokuwa zikining'inia ukingoni. Maana yake ni kwamba fedha za mtaro zisipopatikana upesi, nyumba hizo zitabomolewa kwa usalama wa wenyewe. Ya kwanza kutiwa alama ilikuwa ya Cucu Wanjira, bibi mjane ambaye marehemu mumewe aliijenga kwa pesa za jeshi, na aliyeapa kwamba watamtoa humo kwa jeneza. Cucu Wanjira ni mama mzazi wa Celina. Celina ni mke wa Vincent Mbaka.

Nimemwona Mbaka akiwa na furaha na nimemwona akiwa na mafua. Wiki ile nilimwona akiwa na hofu. Alikaa mbele ya albamu ya Baraza akifunua picha moja baada ya nyingine, na kila ukurasa alikuta kazi yake mwenyewe, safi, imezibwa vizuri. Hata chai hakunywa.

Wafadhili walitupa nafasi ya pili, Mei 1996, kwa sharti moja: picha ya mtaro wenyewe, ifike Nairobi kabla ya mwezi kwisha. Kazi rahisi namna hiyo Baraza halikuwahi kuipata. Mheshimiwa Mbae alikwenda Majengo na kamati yote, akashuka, akasimama mbele ya mtaro, akafunga vifungo vya koti. Mbaka alimwomba asogee kando. Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake wa ubatizo. “Sasa mtaro bila mtu ni picha ya nini? Hao wa Nairobi watajuaje ni ya kwetu?” Akapigwa hivyo. Kisha Diwani Veronicah naye hakutaka kuachwa nje ya maendeleo, akasimama na kofia. Kisha Karani. Kisha kamati nzima kwa mstari, mabega yakigusana. Ilikuwa picha nzuri sana ya kamati. Filamu ilipobaki picha moja tu, waheshimiwa walipanda magari, na pesa ya filamu nyingine haikuwepo mpaka robo mpya ya mwaka, wala Mbaka mwenyewe hakuwa nayo hadi mshahara.

Mbaka aliihifadhi hiyo moja. Jumapili ile hakwenda misa. Alingoja kengele ya pili, mtaa wote ukiwa kanisani, akaenda Majengo peke yake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuta kona tulivu isiyo na mtu wa kuiziba. Mtaro ulikuwa wazi, mrefu, mwekundu, na mvua ya usiku ilikuwa imekata kipande kingine. Chini ya nyumba ya Cucu Wanjira ukuta ulikuwa umefumuka, na katika tundu hilo mguu wa kitanda ulikuwa ukichungulia nje, hewani.

Inabidi niwakumbushe vijana wa idara ya maji, ambao siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na kuombana chumvi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawakai benchi moja. Akimwona njiani, anapisha. Mbaka alikuwa amepiga picha kila mtu mjini, hata wafungwa wakifyeka nyasi, lakini si mama mkwe, maana kumkodolea jicho moja kupitia kioo ni kubaya kuliko kumkodolea mawili. Na kitanda cha mama mkwe ndicho kitu ambacho mkwe hapaswi kukiona hata kwa bahati mbaya. Ukikiona, unalipia.

Cucu Wanjira hakuwa kanisani. Ubao wa kuvukia ulikuwa umesombwa na maji, naye alikuwa amekwama upande wake wa mtaro, amevaa tayari: koti la buluu, kofia ya kusuka, mkoba mkononi. Alitoka nje akamwona mkwewe, na kamera, na mahali kamera ilipoelekea. Mwanamke mwingine angepiga kelele. Yeye aliteremka mtaroni. Aliteremka na viatu vyake vya kanisani, akishika mizizi, mpaka matope yakamfika magotini na ukingo ukawa usawa wa kifua chake, akaenda kusimama mbele ya ule mguu wa kitanda, akaweka mkoba mbele, akanyoosha shingo.

“Piga mimi,” alisema, akitazama upande. “Hiyo ingine usipige.”

Mbaka alifanya lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa Kibugu angelifanya. Aligeuza uso. Kamera ikafuata uso nusu ya njia, na kidole kikabonyeza.

Jioni, kwenye chumba cha giza, picha iliinuka polepole katika dawa. Cucu alikuwa pembeni kabisa, amekatwa bega, amesimama wima kama anayeimba wimbo wa taifa. Sehemu nyingine yote ilikuwa mtaro. Mtaro kutoka juu hadi chini, ukuta uliofumuka, alama ya X kwenye mlango, na katikati ya picha, mahali ambapo Mbaka kwa miaka yote aliweka waheshimiwa, palikuwa na mguu wa kitanda cha mama mkwe wake.

Alikuwa na picha ya kuiokoa nyumba, na hakuweza kuipeleka popote. Angewezaje kuwatumia wanaume wa Nairobi kitanda cha mama mkwe? Na angemwombaje ruhusa, ikiwa kulitaja tu neno kitanda mbele yake ni kosa la pili? Alinijia Jumatatu asubuhi akaiweka picha kwenye mashine yangu ya chapa. Nilimwambia awaze kama mtu mzima: mkwe hasemi na mama mkwe, lakini binti husema na mama yake. Alikwenda nyumbani kwa baiskeli kumwita Celina.

Celina ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Mama yake aliishika picha karibu na dirisha, akaitazama kwa muda, kwanza mtaro, kisha kofia yake. Aliuliza kama matope yanaonekana. Akaambiwa yanaonekana. Aliuliza mkwewe alikuwa akitazama wapi. Akaambiwa alikuwa amegeuza uso, ndiyo maana picha imekwenda upande. Hapo bibi alicheka, na Celina anasema hakuwa amemsikia akicheka tangu X ilipochorwa mlangoni.

“Alinipa heshima,” alisema. “Wacha ipelekwe. Hicho kitanda kikianguka kwa mtaro si kitaonwa na watu wote, hata wale hawana kamera? Lakini mwambie mbuzi ni lazima. Na asilete ile mbuzi ya kukonda.”

Mbuzi alipelekwa, mnene, na wazee wakamla. Picha ilipelekwa pia, kwa basi la saa nane, na chini yake nilipiga chapa maelezo mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika: “Mtaro wa Majengo. Aliyesimama ndani ni mwenye nyumba.” Wafadhili walikuja wenyewe, na safari hii walishuka gari. Mhandisi wao alimwomba Cucu Wanjira amwonyeshe matope yalimfika wapi, akamwonyesha kwa fimbo. Mtaro wa mawe ulikamilika Septemba mwaka jana. Oktoba ikaja mvua ya El Nino, ambayo ilisomba madaraja na barabara za watu wakubwa kuliko sisi. Majengo, maji yalipita mtaroni yakinguruma, yakaenda zake. Nyumba nne zimesimama. Ile X bado iko mlangoni kwa Cucu Wanjira, hataki ifutwe, anasema rangi ya Baraza ni nadra kuipata bure.

Kwa ajili ya kumbukumbu niseme kwamba mtaro ulizinduliwa rasmi na Mheshimiwa Mbae, aliyesimama mbele yake. Hivyo Baraza halina picha hata moja ya mtaro uliojengwa.

Bw. Mbaka anatuachia makabati ya picha ambazo mtoto akizitazama atadhani Kiakithaka ilikaliwa na madiwani watupu, na bahasha moja ya picha za Jumapili ambazo atadhani ilikaliwa na watu wanaongoja kitu pembeni ya kuta. Anatuachia pia tabia mbaya ya kusogea kila tunapoona kamera. Anarudi Kibugu kwenye chai yake, pamoja na Celina, na amesema hatapiga picha tena mtu aliyesimama sawa. Nitamkosa, pamoja na harufu yake. Tumshukuru kwa uvumilivu wake, kwa kicheko chake, na kwa mara ile moja alipogeuza uso. Mzee Mbaka, kapumzike vyema. Majani chai yakuchipukie, magoti yakutii, na mlango wa chumba chako kipya ufungike.

Picha ya kuagana itapigwa Jumanne langoni, mahali wanapopigwa wastaafu wote, mbele ya lile shimo ambalo kila mstaafu tangu mwaka 1989 ameliziba kwa mwili wake, kama huduma ya mwisho kwa Baraza. Mbaka amekataa kuliziba. Amesema atasimama kando yake. Cucu Wanjira naye ametuma neno kwamba atakuja, amevaa koti la buluu, na kwamba hatasimama karibu na mkwewe hata Mwenyekiti amwombe. Kwa hiyo maelezo ya picha nimeshayapiga chapa mapema, na hayatabadilishwa:

“Kutoka kushoto: Bw. Vincent Mbaka; mkewe, Bi. Celina; shimo la langoni; na, upande wa pili kwa heshima, mama mkwe wake, Bi. Wanjira.”

Angeline Karimi,
Mpiga chapa, Ofisi ya Karani wa Mji